Pakiti na Njia Zake: Historia ya Mtandao Usio na Mkuu

Mwanafunzi akituuliza jinsi barua iliyoandikwa katika kompyuta ya Kampala inavyofika Mwanza kwa kufumba na kufumbua, wengi wetu tulio walimu wa lugha humjibu kwamba uko mtambo mkubwa ng'ambo unaozijua njia zote. Jibu hilo si sahihi, kwani mtambo wa namna hiyo haupo. Katika makala haya twakusudia kueleza, kwa kufuata historia, kwamba mtandao wa kompyuta ulijengwa juu ya msingi wa jirani kusadiki neno la jirani, na kwamba msingi huo umekuwa asili ya nguvu zake na ya maradhi yake pia.

Kabla ya miaka ya 1960, mawasiliano ya mbali yalifuata desturi ya simu. Watu wawili walipozungumza, njia nzima baina yao ilitengwa kwa ajili yao, hata waliponyamaza. Tena nyaya za mahali pamoja zilikutana katika kituo kimoja. Kituo hicho kikivunjwa, wote huwa mabubu. Paul Baran, mhandisi wa shirika la RAND huko Marekani, alilitafakari jambo hilo wakati wa hofu ya vita vya nyuklia. Katika taarifa zake za mwaka 1964 alipendekeza mtandao usio na kituo kikuu. Kila kituo kiungwe na majirani kadhaa. Ujumbe ukatwe vipande. Kila kipande kiandikwe anwani ya kinakokwenda, na kila kituo kikirushe upesi kwa jirani anayefaa, mithili ya mtu aliyetiwa kiazi cha moto kiganjani. Njia moja ikikatika, vipande vitapita nyingine. Kampuni ya simu ya AT&T haikuliafiki wazo hilo.

Mwaka 1965, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza alifikia wazo lile lile bila ya kujua habari za Baran. Yeye hakusukumwa na vita. Aliona kwamba kompyuta husema kidogo kisha hunyamaza kitambo, hivyo kuitengea njia nzima ni ubadhirifu. La kupendeza kwetu ni kwamba Davies alikitafutia kipande kile jina kwa uangalifu, hata akataka shauri la mtaalamu wa lugha ili apate neno litakaloweza kuingia katika lugha nyingine. Ndilo neno "pakiti", nasi tulikuwa nalo tayari dukani, katika pakiti ya chumvi na pakiti ya majani ya chai.

Mawazo hayo yalitiwa katika vitendo na mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET. Tarehe 29 Oktoba 1969 wataalamu wa Los Angeles walijaribu kupeleka neno LOGIN katika kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi L na O zilifika, kisha kompyuta ya upande wa pili ikazimika. Hata hivyo, mwaka ulipokwisha vituo vinne vilikuwa vimeungwa.

Yafaa tueleze sasa kazi ya kila kituo. Pakiti ni kama msafiri mgeni anayeuliza njia katika kila njia panda. Hapana amwelezaye safari nzima, huambiwa tu, "Shika njia hii, ukifika mbele uulize tena." Kituo kina jedwali linaloonyesha kwamba pakiti ya kwenda mahali fulani apewe jirani fulani. Katika ARPANET ya mwanzo, jedwali lilitungwa kwa habari za majirani wenyewe: kila kituo kiliwaarifu wenzake, kabla hata ya sekunde moja kwisha, umbali wake na kila mahali kwa kadiri kinavyojua. Aliyesikia alichagua jirani mwenye njia fupi kuliko wote.

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mapema katika miaka ya 1970, kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard kiliharibika, kikawa kinawaarifu majirani kwamba umbali wake na kila mahali ni sifuri. Majirani walisadiki, nao majirani zao wakasadiki. Pakiti za mtandao mzima zikamiminika Harvard na kupotelea huko. Hapakuwa na hila wala adui, ila habari ya uongo iliyopokewa kwa nia njema.

Wataalamu walibadili utaratibu mwaka 1979, kila kituo kikawa kinapokea habari za mtandao wote na kujifanyia hesabu. Lakini tarehe 27 Oktoba 1980 habari tatu za kituo kimoja ziliharibika namba zake, kila moja ikaonekana mpya kuliko nyingine. Vituo vikazizungusha bila kukoma, mtandao ukasimama kwa saa kadhaa. Leo, chini ya kanuni zilizoanza kutumika ARPANET tarehe 1 Januari 1983, kila pakiti hubeba namba ya umri wake, nayo hupunguzwa katika kila kituo. Ikifika sifuri, pakiti hutupwa isije ikatangatanga milele.

Mambo haya yanatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa pakiti haiwezi kupewa jirani asiyeungwa nasi. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kutufikia mwaka 2009, tulitegemea zaidi setilaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 36,000. Barua ya mtu wa Nairobi kwa mwenzake wa mtaa wa pili, ikiwa walihudumiwa na kampuni mbili mbalimbali, ilipaa angani, ikashuka ng'ambo, kisha ikarudi kwa gharama ya fedha za kigeni. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za Nairobi zilifungua kituo cha kubadilishana pakiti. Shirika la simu lililokuwa na haki ya peke yake lililalamika, kituo kikafungwa kwa amri. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Leo Kampala na Kigali pia zina vituo vya aina hiyo.

Basi mwanafunzi akituuliza tena, tumwambie kwamba hakuna ajuaye njia nzima, na kwamba barua yake hufika kwa sababu kila kituo kimesema kweli kuhusu hatua moja. Tumwambie pia kwamba majirani wasipounganishwa, hata safari ya mtaa wa pili huwa ndefu.