Ulinzi wa Wanyama: Kazi ya Nani, kwa Faida ya Nani?

Waingereza walipoitawala Tanganyika waliteua Mabwana Nyama wa heshima, yaani watu wasiolipwa mshahara lakini wenye mamlaka ya kuwakamata wengine. Wengi wao walikuwa walowezi. Mkulima aliyetega swala aliitwa jangili. Tajiri mwenye leseni aliitwa mwindaji. Kujitolea huko kulilinda starehe ya wachache.

Tamko la Arusha la Septemba 1961, lililotolewa na Mwalimu Nyerere, liliwafanya wanyama kuwa dhamana ya Taifa. Lakini ilibidi kungoja Sera ya Wanyamapori ya 1998 ndipo mwanakijiji akaanza kuhesabiwa kuwa mlinzi.

Mkoani Kagera fundisho ni wazi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikimbilia huko. Njaa, haja ya kuni na silaha za vita vikayaumiza mapori ya Burigi na Biharamulo. Askari wachache hawakutosha. Mwaka 2019 mapori hayo, pamoja na Kimisi, yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, inayoingia hadi Muleba.

Sare peke yake hailindi pori. Kujitolea si kutumikishwa: mwanakijiji anayelinda lazima ashiriki kuamua, na afaidike.