Uchinjaji wa punda nchini Kenya

Uchinjaji wa punda nchini Kenya ni biashara ya nyama na ngozi iliyoshamiri kati ya 2016 na 2020, ikiendeshwa na vichinjio vinne vyenye leseni: Naivasha katika kaunti ya Nakuru, Mogotio huko Baringo, kimoja Turkana na kingine Machakos. Soko lake kubwa lilikuwa China. Katika muda huo mfupi mnyama wa kubeba maji, kuni na mazao aligeuzwa bidhaa ya kuuzwa nje, na hasara ikawaangukia watu ambao hawakula nyama hiyo wala kuuza ngozi.

Punda wa Karagita

Karagita ni mtaa ulio kando ya barabara ya Moi South Lake, karibu na Ziwa Naivasha. Ulikua pamoja na mashamba ya maua, na wakazi wake wengi ni vibarua wa mashamba hayo, wanaoishi katika vyumba vya kupanga. Nyumba nyingi hazina mfereji. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi ya floridi, yanayoharibu meno na mifupa, kwa hiyo maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi. Anayeyafikisha mlangoni mara nyingi ni mchuuzi mwenye mkokoteni wa punda.

Kwa mchuuzi huyo punda ndiye mtaji. Punda akiibwa usiku, asubuhi hakuna mauzo wala karo ya watoto, na maji yakipungua mtaani bei ya mtungi hupanda.

Wizi ndio uliowaingiza wenye punda wa Naivasha katika mgogoro na vichinjio. Bei ya punda ilipanda haraka baada ya 2016, na wanyama wakaanza kutoweka bomani na malishoni. Mizoga iliyochunwa ngozi ilipatikana vichakani. Hapo ikazuka hofu nyingine: nyama iliyochinjwa gizani, bila mkaguzi wa mifugo kuipiga muhuri, ingeweza kufika buchani ikauzwa kama ya ng'ombe.

Ngozi kuliko nyama

Kilichovuta wanunuzi zaidi ni ngozi. Huchemshwa ili kupata ejiao, dawa ya asili ya Kichina inayosifiwa kuongeza damu na kurembesha mwili. China ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwaka 1992. Miongo mitatu baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 3. Wafanyabiashara wakageukia Afrika, penye karibu theluthi mbili ya punda wote duniani.

Ripoti ya 2019 ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo Kenya (KALRO) ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa katika vichinjio vya Kenya kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Kila mwaka walichinjwa asilimia 5.1 ya punda wa nchi, ilhali ongezeko lao lilikuwa asilimia 1.04 tu. Watafiti walionya kwamba kwa mwendo huo punda wangeweza kwisha ifikapo 2023. Sensa nazo zilionyesha kupungua: takriban milioni 1.8 mwaka 2009, kisha milioni 1.2 mwaka 2019.

Sababu ya idadi yao kutojazwa upesi iko katika maumbile. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mwana mmoja. Mbuzi huzaa baada ya miezi mitano, mara nyingi mapacha. Kundi la mbuzi lililochinjwa hujazwa upesi. Kundi la punda haliwezi.

Nani hula, nani hali

Nyama ya punda haina hukumu moja duniani. Katika mkoa wa Hebei, China, huliwa ndani ya mkate wa kuokwa. Kaskazini mwa Italia hupikwa kwa mchuzi mzito. Waturkana nao huila. Uislamu umeharamisha nyama ya punda wa kufugwa tangu vita vya Khaybar, na sheria ya Kiyahudi inamkataza kwa kuwa hacheui wala hana kwato zilizopasuka.

Kutocheua huko kuna maana pia kwa mazingira. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kwamba mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, na ng'ombe ndio wenye sehemu kubwa. Punda hutoa methani kidogo kuliko ng'ombe. Kwa hesabu ya gesi pekee, basi, nyama yake ingeonekana nafuu. Hesabu hiyo ni pungufu: mkokoteni ukikosa punda, mzigo huhamia kwenye pikipiki inayochoma petroli au kwenye mgongo wa mwanamke.

Marufuku

Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda nchini Kenya. Kichinjio cha Star Brilliant cha Naivasha kilipinga hatua hiyo, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Mjadala ukavuka mipaka. Desemba 2022 mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam na kudai biashara ya ngozi isitishwe kwa miaka 15. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha kote barani uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Azimio la Addis Ababa halimlindi punda wa Karagita mpaka lishuke hadi kwenye kaunti. Punda wanapaswa kusajiliwa na kutiwa alama, magari ya mifugo yakaguliwe usiku, na kila bucha ionyeshe muhuri wa mkaguzi. Mnunuzi wa nyama naye ana haki ya kuuomba muhuri huo kabla ya kulipa, na anapaswa kuitumia.