Wanafunzi wa Cambridge na Mto Kagera: Habari za Gahini na Majirani Zake, 1919–1941

Mto Kagera, ukiisha kupokea maji ya Ruvubu, huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Rusumo. Ng'ambo ya mashariki ni Ngara, na nyuma yake Biharamulo. Ng'ambo ya magharibi ni Gisaka, katika nchi ya Rwanda. Wahangaza wa Bugufi, sehemu ya Ngara, husema lugha iliyo ndugu ya Kirundi, na mtu ajuaye Kinyarwanda huweza kusikilizana nao pasipo mkalimani. Kwa wenyeji, basi, mto ulikuwa kizuizi cha miguu tu. Waliougeuza kuwa kizuizi cha serikali walikuwa watu wasiopata kuuona.

Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walipatana namna ya kuigawa nchi iliyokuwa ya Wadachi. Bugufi ilikatwa kutoka Urundi ikatiwa Tanganyika. Gisaka nayo ilikatwa kutoka Rwanda, kwa kuwa Waingereza walitaka nafasi ya kupitisha reli magharibi ya Kagera. Reli hiyo haikujengwa. Mwami Musinga alilalamika kunyang'anywa nchi yake, wamisionari Wakatoliki wakamwunga mkono, na mwisho wa mwaka wa 1923 Gisaka ikarudishwa. Bugufi haikurudishwa.

Mabadiliko hayo yaliwagusa sana madaktari wawili, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, waliokuwa marafiki tangu siku za masomo yao Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza walifanya kazi katika hospitali ya Mengo, Uganda, wakapata kuizuru Rwanda na kuipenda. Vita vilipokwisha walitaka kuingia, Wabelgiji wakakataa. Ikawapasa kukaa Kabale, upande wa Uganda, tangu 1921, wakitazama milima ya Rwanda kwa mbali. Gisaka ilipopata serikali ya Kiingereza waliona mlango umefunguka. Iliporudishwa, walidhani umefungwa tena. Walakini Wabelgiji waliwaachia nafasi ndogo, na mwaka wa 1925 misheni ya Gahini ikaanzishwa. Kazi ya kwanza mahali pale haikufanywa na Wazungu wale, bali na Kosiya Shalita, kijana mwenye asili ya Rwanda aliyelelewa na kusomeshwa Uganda, ambaye baadaye alikuwa askofu. Vitabu vya misheni humtaja kwa mistari michache, alistahili zaidi.

Mwaka wa 1928 akaja Gahini daktari kijana, Joe Church. Huyu alikuwa mjumbe wa wanafunzi hasa, maana chama cha wanafunzi Wakristo wa Cambridge kilimhesabu kuwa mmisionari wao wenyewe. Alikuja kuendesha hospitali. Alichokikuta ni njaa.

Njaa hiyo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Mvua zilikosekana, mashamba yakakauka, na upande wa mashariki ndio ulioteswa zaidi. Watu walikufa njiani. Wengi walihama kutafuta chakula na kazi Uganda na Tanganyika. Hospitali changa ikawa mahali pa kugawia chakula na pa kuzika. Church aliandika barua za kuomba msaada, akafanya kazi hata nguvu zikamwishia, na mwezi wa Septemba 1929 akaenda Kampala, mtu aliyevunjika moyo. Huko, juu ya kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya maisha mapya. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akawa mhubiri mwenye moto mwingi mpaka alipofariki Januari 1936.

Kutokana na kundi hilo la Gahini ulitokea ule Uamsho wa Afrika Mashariki. Waandishi wengi wa Uingereza hupenda kuipanga njaa na Uamsho kana kwamba ni usiku na mapambazuko yake. Mpango huo una kasoro. Aliyekufa kando ya njia mwaka wa 1929 hakupata faida yo yote ya nyimbo za 1936, na haifai msiba wake uandikwe kuwa gharama ya baraka ya mwingine. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi: njaa ilimwonyesha daktari yule kuwa elimu ya Cambridge haikumtosha, ikampeleka kwa Mwafrika kutafuta msaada, naye hakuona haya kuupokea. Katika siku zile za ukoloni hilo halikuwa jambo la kawaida.

Mwaka wa 1939 wahubiri wa kundi hilo waliingia Tanganyika, wakafika Katoke, kusini mwa Bukoba, kwenye chuo cha waalimu cha misheni ya Kianglikana. Kuchagua chuo cha waalimu kulikuwa na maana kubwa, maana kila mwalimu aliyeguswa alirudi kijijini akiwa na darasa lake. Moto ukaingia Uhaya kwa Walutheri, ukaenea pia katika nchi za Biharamulo na Bugufi. Si wote waliofurahi. Walioungama dhambi hadharani waliwataja pia walioshirikiana nao, na nyumba nyingi zilipata ugomvi.

Wakubwa wa kanisa nao waliona mashaka. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, miongoni mwao William Nagenda. Kosa lao lilikuwa kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na kukataa kuacha walipokatazwa. Nagenda alipoteza upadre. Lakini asiyekuwa na parokia hakufungwa na mpaka wa parokia, naye alisafiri akihubiri nchi nyingi.

Kwa wachunguzi wa lugha, safari hizo zimeacha alama moja. Rwanda watu hao waliitwa abaka, yaani wawakao. Uganda waliitwa balokole, waliookoka. Jina la Kinyarwanda lilibaki ng'ambo ya mto, ijapokuwa Gahini ndipo mambo yalipoanzia na ijapokuwa Wahangaza wangalilifahamu upesi. La Kiganda ndilo lililoingia katika Kiswahili, likabadilishiwa kiambishi tu: mlokole, walokole. Kiswahili kilikuwa tayari na kuokoka na mwokovu, wala hakikuwa na upungufu. Yamkini neno geni lilipendwa kwa sababu halikumtaja kila Mkristo, bali watu wa namna fulani waliofahamika kwa salamu yao na kwa wimbo wao, Tukutendereza. Siku hizi mlokole huitwa hata mtu wa makanisa ya Kipentekoste ambaye hajapata kusikia habari za Gahini, na mara nyingine jina hilo hutamkwa kwa mzaha.