Jogoo aliyehasiwa: nyama laini, na kisu ubavuni

Kuhasi mbuzi, nguruwe ao ng'ombe si jambo geni kwa wafugaji wa Kivu na Ituri. Kuhasi jogoo ni kitu kingine. Watu wakisikia wanauliza kwanza: korodani za kuku ziko wapi? Ziko ndani ya mwili, chini ya uti wa mgongo, karibu na figo. Njo maana kazi yenyewe ni upasuaji wa kweli, na njo maana mabishano juu yake hayaishi.

Jogoo wa namna hiyo Wafaransa wanamuita chapon. Anakamatwa angali mudogo, mbele ya kuanza kuwika. Manyoya ya ubavuni yananyonyolewa, ngozi na nyama vinapasuliwa kati ya mbavu mbili za mwisho, kisha korodani zinavutwa moja moja kwa chombo chembamba. Akipona, kishungi chake kinabaki kidogo na kinapauka, hapendi kupigana, na mafuta yanaingia katikati ya nyama. Kuna hata wenye kulea vifaranga kama mama kuku. Mwaka 1849, muganga Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alifanya jaribio kwa majogoo 6: waliotolewa korodani zote walinyamaza, waliorudishiwa korodani tumboni waliendelea kuwika na kupigana. Hapo njo ilianza elimu ya homoni.

Wenye sifa zaidi wanatoka Bresse, mashariki ya Ufaransa, ambako jina la kuku hao linalindwa kwa sheria tangu 1957. Kuku wa Bresse ana manyoya meupe, kishungi chekundu na miguu ya buluu. Anatembea kwenye majani, anakula mahindi, ngano na maziwa. Chapon anafugwa karibu miezi 8, majuma ya mwisho anafungiwa kwenye kizimba cha mbao ili anenepe, na anauzwa kwa sikukuu za mwisho wa mwaka. Bei yake si ya muntu wa kawaida, hata kule Ufaransa.

Sasa, maumivu. Mara nyingi kijogoo anapasuliwa bila dawa ya ganzi. Mushipa mukubwa wa damu uko palepale. Ukiguswa, anakufa mezani. Kipande kidogo cha korodani kikibaki, kinaota tena, na mufugaji anapata munyama asiye jogoo wala chapon. Uingereza ilikataza upasuaji huu, Ufaransa inauruhusu. Marekani walijaribu njia nyingine, vidonge vya homoni chini ya ngozi ya shingo, lakini mwaka 1959 serikali ikavipiga marufuku kwa kuku, kwa kuhofia afya ya walaji.

Watetezi wanasema chapon anaishi miezi mingi kwenye majani, wakati kuku wa nyama wa viwandani anachinjwa akiwa na majuma kama 6. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi: majani mazuri hayadai kisu. Bresse yenyewe inafuga pia poularde, kuku jike anayenoneshwa mpaka miezi 5 hivi mbele ya kuanza kutaga, bila kupasuliwa, na nyama yake inasifiwa vilevile.

Kwa mufugaji mwenye majogoo matano nyuma ya nyumba, hesabu ni ngumu zaidi. Wembe wa duka si chombo cha upasuaji, na kidonda kikioza, dawa inaweza kupita bei ya kuku mwenyewe. Tena miezi 8 ni mahindi mengi, yale yale watoto wanayakulia bugali. Mwenye kutafuta nyama laini anaweza kutenga vijogoo mbali na majike, awalishe vizuri na kuwachinja kwa miezi 4 ao 5, nyama ikiwa bado haijakomaa. Yule muzee mwenye kuamsha jirani saa kumi ya alfajiri, yeye anataka sufuria, moto mudogo na saa tatu za kungoja.