Bunduki ya Babu Ilikuwa na Taji

Najua nimepotea, mtanisamehe. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata huku Mtwara Vijijini, na kama mnavyojua huko mwalimu mwanafunzi anapewa vipindi mpaka anasahau jina lake. Sasa nimerudi hosteli, chaki imetoka kwenye nywele, na nina jambo linanikereketa tangu wiki ya tatu.

Nilikuwa Kidato cha Tatu, nafundisha jinsi Waafrika walivyopinga ukoloni. Nikaandika ubaoni sababu za kushindwa, ile orodha tuliyoimba wote: silaha duni, mikuki na mishale dhidi ya bunduki. Dogo mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mbona kwetu babu alikuwa na bunduki?"

Darasa likacheka. Mimi nikacheka pia, nikasema tutaliangalia kipindi kijacho. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana hata babu yangu alikuwa nayo.

Babu mzaa mama alikuwa na gobore. Aliachiwa na mjomba wake, maana sisi Wamakonde mambo ya ukoo yanapita upande wa mama. Ilikaa juu ya dari, imefungwa kwenye kanga kuukuu, na leseni yake kwenye kibati cha chai. Ilishushwa nguruwe walipozidi shambani. Nilipokuwa mdogo nilipenda kupitisha kidole pembeni ya mtambo wake, pale palipochorwa taji na herufi zilizofutika. Nilidhani ni urembo tu.

Sasa twende kwenye historia, maana ndiyo tuliyokuja kusoma.

Kiswahili chenyewe kimetunza orodha ya bunduki zilizopita pwani hii. Kuna bunduki ya mrao, ile iliyowashwa kwa utambi. Kuna ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kuna ya fataki, iliyopigwa na nyundo juu ya kikopo kidogo cha baruti kali. Zote hizo zinajazwa kwa mdomoni: unamimina baruti, unatia risasi au marisau, unashindilia kwa mdeki. Hizi ndizo tunazoziita magobore.

Zilifikaje kwetu? Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalihamia kwenye bunduki za kujazwa nyuma. Zile za zamani zikabaki maghalani kwa malaki, zikauzwa bei ya kutupa. Zikaja Unguja, zikashuka Kilwa, Lindi na Mikindani, zikapanda bara na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kila mwaka jamani! Sasa hao watu wa mikuki mitupu walikuwa wapi?

Chukueni mfano wa Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekaa Luagala, juu ya uwanda wa Makonde. Wajerumani walipomwita aende pwani kuwatii, mwaka 1890 alimwandikia Wissmann barua ya Kiswahili akakataa. Watu wake walikuwa na bunduki, na vikosi vilivyotumwa kwake mwanzoni havikufua dafu. Baadaye akakataa kulipa kodi. Mwaka 1899 alizidiwa, akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Basi kama bunduki zilikuwepo, tofauti ilikuwa nini? Hapa ndipo nilipokuta kitu ambacho sikukiona kwenye daftari langu la sekondari. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalisaini mkataba Brussels. Tunaufahamu kama mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na kweli ulikuwa huo. Lakini ndani yake kuna vifungu vya silaha. Katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki za kisasa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye kibali. Ruhusa ya biashara ya kawaida, tena kwa masharti, ikabaki kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida.

Mmeelewa maana yake? Gobore halikubaki kwetu kwa sababu babu zetu hawakujua kizuri. Lilibaki kwa sababu watu walikaa mezani wakaandika nani atakuwa na bunduki ya aina gani. Mwenye gobore anapiga mara moja, halafu anaanza upya kumimina na kushindilia. Mwenye bombomu anapiga mamia ya risasi kwa dakika moja. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, hesabu hiyo ilikuwa imeshapigwa miaka 15 nyuma.

Na jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba hata askari weusi wa Mjerumani walionja dawa hiyo. Mwaka 1914 kampuni zao nyingi zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, risasi moja moja, baruti ya moshi. Ukipiga tu, wingu linapanda, adui anajua ulipo.

Ndipo mto wetu Ruvuma unapoingia. Mwaka 1894 Wajerumani walikuwa wamejichukulia Kionga, kipande kidogo kusini mwa mdomo wa mto. Aprili 1916 Wareno wakakirudisha, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Mwaka huohuo wa 1916 Wareno walivuka wakaiteka Newala, lakini mwezi wa Novemba wakafukuzwa. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck naye akavuka kwenda kusini, akaipiga ngome ya Wareno pale Ngomano, akachukua bunduki na risasi nyingi. Askari wake wakatupa Mauser zao za moshi wakashika za Kireno. Alipokuja kusalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, za Kireno na za Kiingereza. Jeshi la Mjerumani, bunduki za maadui zake!

Miongoni mwa bunduki za Wareno wa wakati ule ilikuwepo Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, milimita 6.5, yenye herufi za mfalme Carlos wa Kwanza chini ya taji. Nyingi zilikuja kubadilishwa miaka ya 1930 zitumie risasi nyingine, kwa hiyo iliyobaki katika hali yake ya asili ni adimu. Ilikuwepo pia Kropatschek ya 1886 iliyotengenezwa Steyr, Austria. Wakusanyaji wa bunduki za kale Ulaya na Marekani wanazitafuta kama almasi, wanasoma kila muhuri. Huku kwetu bunduki ya zamani ikipatikana inaitwa gobore tu, basi.

Sasa rudini kwa babu yangu. Taji lile. Bunduki za Kiingereza za zamani ziligongwa taji na neno TOWER pembeni ya mtambo, na mafundi wa Ubelgiji nao walitengeneza zao kwa ajili ya biashara ya Afrika, wengine wakiiga mpaka mihuri. Ya babu ilikuwa ipi? Herufi ngapi zilikuwa zinasomeka? Chini ya kitako kulikuwa na alama? Sijui, na sitajua.

Babu alifariki mwaka 2019. Leseni ya bunduki ni ya mtu, haimfuati mrithi kama shamba la mikorosho. Baada ya arobaini mjomba aliifunga kwenye gunia, akaipeleka kituoni, akapewa karatasi. Na alifanya sawasawa. Sitaki mtu anielewe vibaya. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji wakaivamia Kitaya, na wengine wetu tuna ndugu kule. Anayeficha bunduki juu ya dari ukingoni mwa Ruvuma anacheza na maisha ya watu, hata kama ni ya mwaka 1840.

Kinachoniuma ni kingine. Nyumba nzima ilikuwa na simu za kamera, na hakuna aliyepiga picha hata moja. Hakuna aliyemuuliza babu mjomba wake aliipata kwa nani, alitoa nini, pembe au mpira au mtu. Hilo la mwisho naogopa hata kuliandika, lakini mwanafunzi wa historia haruhusiwi kuogopa.

Ng'ambo ya mto wenzetu walijaribu njia yao. Kuanzia 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilikusanya silaha za vita na kuwapa watu majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zikakatwa, wasanii wakaunga vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, wanayemwita Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki, na leo kiko makumbusho ya Uingereza mjini London. Mgongo wake ni bunduki za G3 za Wareno. Hakuna bunduki hata moja mle iliyotengenezwa Afrika. Silaha ilikufa, habari yake ikabaki.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani, nikafuta kwenye orodha yangu "mikuki dhidi ya bunduki", nikaandika "bunduki gani, na nani aliamua?" Yule dogo wa nyuma nikampa kazi: amuulize bibi yake bunduki ilitoka wapi. Alirudi na nusu ukurasa. Nimeutunza.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, hasa mliotoka Newala, Tandahimba, Msimbati mpaka Kilambo. Kama kwenu kuna gobore la halali na mzee bado yupo, muulizeni sasa, andikeni kila alama iliyogongwa, pigeni picha. Kama linakwenda kituoni, liende, tena upesi. Lakini lisiende bubu kama la kwetu.

Kesho nina jaribio la saikolojia ya elimu na sijafungua hata ukurasa. Alamsiki.