Berega: Usawa wa Afya na Mamlaka ya Chakula

Berega ni kata na kijiji cha wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru, si mbali na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Jina lake limevuma kwa sababu ya hospitali, mali ya Dayosisi ya Morogoro ya Kanisa Anglikana, dayosisi iliyoanzishwa mwaka 1965. Wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, walikuwa wamekwisha kufika Mamboya, jirani na hapo, karibu na mwaka 1880.

Usawa wa afya ni hali ambayo umbali, umaskini au jinsia havimnyimi mtu matibabu. Mamlaka ya chakula ni haki ya watu kuamua wenyewe walime nini, kwa mbegu ipi, na mavuno yaende wapi. Wazo hili la pili lilitangazwa na vuguvugu la wakulima la La Via Campesina mjini Roma mwaka 1996, likafafanuliwa Nyéléni, Mali, mwaka 2007. Kwa Tanzania mbebaji wake mkuu ni MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima wadogo ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao makuu Morogoro. Kwa wenyeji wa asili wa Marekani, usawa wa afya na mamlaka ya chakula huendeshwa pamoja kama kazi ya kurudisha kilichopotea, kwa kuwa ardhi yao ilikwisha kwenda. Berega watu bado wako juu ya ardhi yao. Kazi ya hapa ni kulinda, na kulinda ni rahisi kuliko kurudisha, mradi kazi ianze mapema.

Uhusiano wa shamba na wodi unaonekana wazi zaidi katika uzazi. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika kwa kirefu juu ya vifo vya akina mama waliokuwa wakifikishwa hospitali ya Berega wakiwa wamechelewa. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo hivyo nchini, na mama aliyeingia leba akiwa na upungufu wa damu hana akiba ya kumvusha. Upungufu huo hutokana na malaria, minyoo na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Vifo vya uzazi vimeshuka sana tangu hapo, kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2022, na huo ni ushindi wa kujivunia. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano umeshuka kwa kusuasua: kutoka asilimia 34 hadi 30. Hospitali, damu salama na usafiri vimekwenda mbio. Sahani ya nyumbani imebaki nyuma.

Usafiri wenyewe sasa una mfumo wa m-mama, ambapo namba 115 hupigwa bila malipo kwa ajili ya mjamzito mwenye dharura, na gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa, hutumwa kumchukua. Kwa vijiji vya milimani, ambako masika hukata njia, hili ni jambo la kufa na kupona.

Kituo cha watoto yatima cha Berega kilijulikana kwa utaratibu ambao waendeshaji wa miradi wangefaa kuusoma kwa makini. Mtoto mchanga aliyefiwa na mama alipokelewa pamoja na binti wa ukoo wake, ambaye aliishi hapo, akamlea na kujifunza kumlisha. Mtoto alipokua kiasi, wote wawili walirudi kwao. Ukoo haukunyang'anywa mtoto, na nyumba ilirudishiwa mtu mwenye ujuzi wa lishe. Kwa Wakaguru, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, hilo lina uzito wa pekee.

Fedha ndiyo sehemu ngumu. Sera inasamehe malipo kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, lakini hospitali za mashirika ya dini hutegemea mikataba na halmashauri ili zifidiwe, na fidia ikichelewa pengo hulipwa na mgonjwa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote. Lakini kaya ya mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Januari hadi Machi ghala limepungua, palizi imepamba moto, na mvua huja na malaria. Mwenye mgonjwa wakati huo huuza debe la mahindi aliyokusudia kula.

Hata wakati wa mavuno anapunjwa. Mchuuzi huja na gunia la lumbesa, lililoongezewa kipande juu na kushonwa kwa kamba hadi limetuna kupita mdomo wake, na hulilipia bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100, lakini porini mizani haipo. Ninaiona lumbesa kuwa suala la afya kwa kiwango kilekile cha uhaba wa dawa: kilo zinazozidi ndizo zingelipa mchango wa mfuko.

Kuhusu mbegu, Kilosa imebahatika. Kituo cha utafiti cha Ilonga kimetoa aina nyingi za mahindi, mtama na mikunde, zikiwamo mahindi ya Staha na mtama wa Tegemeo, ambazo mkulima anaweza kuzirudia msimu baada ya msimu. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inaruhusu vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, japo mauzo yake yamewekewa mipaka ya eneo. Mbaazi, kunde na mlenda unaochumwa na kukaushwa na akina mama ndivyo vinavyoongezea ugali kile ambacho mahindi hayana.

Hifadhi nayo ni afya. Mahindi yakianikwa chini bila turubai huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Tangu makubaliano ya lishe ya Desemba 2017, halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haigawiwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hesabu ya fedha hiyo ya lishe isomwe katika mkutano huohuo, mganga wa zahanati na bwana shamba wakiwa wamekaa meza moja, na akina mama wenye watoto wadogo wapewe nafasi ya kwanza kuuliza.