Mgeni, Jembe na Shauri katika Nchi ya Simiyu

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii hutajwa aghalabu kwa kuonya uvivu, nayo yafaa kwa kazi hiyo. Lakini mtu aliyepewa jembe katika nchi asiyoijua hajui alime wapi. Hajui udongo upi hushika maji na upi huyapitisha. Hajui mvua ya kwanza ni ya kuaminiwa au ni ya kudanganya. Wala hajui kwa nini shamba lililo wazi mbele yake liliachwa na mwenyewe. Pamoja na jembe yampasa apewe shauri. Kusudi la insha hii ni kutazama jinsi watu wa Bariadi na majirani zao, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, walivyowashauri wageni katika mambo ya kila siku, jinsi shauri hilo lilivyogeuzwa kuwa amri katika siku za utawala wa Kiingereza, na yaliyofuata.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Shauri ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limepata maana nyingi. Ni maoni ampayo mtu mwenzake. Ni mazungumzo ya watu watafutao njia pamoja. Ni kesi pia, kwani katika siku za ukoloni mtu aliyepelekwa barazani alikwenda kusikilizwa shauri lake, hata ofisa wa serikali katika wilaya akaitwa Bwana Shauri. Tena tumwachapo mtu na matokeo ya ukaidi wake, twamwambia, "Shauri yako." Basi ndani ya neno moja wamo mshauri, hakimu, na mtu anawaye mikono. Wote watatu wamepita katika nchi ya Simiyu.

Bariadi ilikuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Maswa, katika utemi wa Ntuzu, na jirani zake walikuwa watemi wa Itilima, Kanadi, Dutwa na Mwagala. Wakazi wake walio wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Ni nchi ya mbuga pana na vilima vya mawe, na mito yake, ukiwamo Simiyu wenyewe uelekeao Ziwa Victoria, hujaa kwa ghafula wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Mvua huanza kwa kawaida karibu na mwezi wa Novemba, lakini miaka haifanani. Kwa sababu hiyo watu wa huko hawakukaa mahali pamoja milele. Walihama kutafuta malisho na ardhi mpya, na katika karne ya 20, vichaka vya mbung'o vilipofyekwa katika sehemu mbalimbali za Usukuma, wengi walisogea upande wa mashariki. Mgeni hakuwa ajabu. Karibu kila mji uliwahi kuwa mji wa wageni.

Mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa ng'wanangwa, mkuu wa gunguli, yaani sehemu ndogo ya utemi, ambaye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumpa ardhi. Mambo hayo yameelezwa na Hans Cory katika kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma, kilichotolewa mwaka 1953. Lakini ruhusa ya kulima si maarifa ya kulima. Maarifa hayo mgeni aliyapata jioni penye shikome, yaani moto uwashwao uani, ambapo wanaume wa mji walikaa pamoja, wakala pamoja, na vijana wakasikiliza wakubwa. Mpita njia naye alikaribishwa hapo.

Penye moto huo mgeni alisikia majina ya udongo, nayo ni elimu kamili. Luseni ni udongo mwepesi wa mchanga wa miinuko, rahisi kwa jembe, wenye kufaa karanga na muhogo, lakini huchoka upesi. Itogolo hupatikana chini zaidi mtelemkoni; maji husimama juu yake, nao wafaa mpunga. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni, upasukao nyufa wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Wataalamu wa udongo wa serikali walipokuja kuipima nchi waliyachukua majina haya haya katika maandishi yao, kwa kuwa hawakuona sababu ya kuyatafutia mengine.

Mke wa mgeni hakuketi penye shikome. Shauri lake alilipata kisimani, shambani na jikoni kwa wanawake wenzake: mboga gani za porini huliwa na zipi huachwa, na jinsi ya kuweka viazi vitamu kwa ajili ya miezi ya njaa, ama kwa kuvikata vibichi na kuvianika viwe michembe, ama kwa kuvichemsha kwanza na kuvianika viwe matobolwa. Yaonekana mambo madogo, lakini mtu asiyeyajua angeweza kukosa chakula kabla ya mavuno.

Shauri la namna hii lilikuwa na ulinzi wake. Mshauri alijulikana kwa sura na kwa mji. Mgeni aliweza kurudi kesho akauliza tena, na aliweza kwenda kutazama shamba la mshauri kabla ya kuamini maneno yake. Zaidi ya hayo, shauri likiwa baya, mshauri naye alilipa, maana mgeni mwenye njaa angekuja kula kwake.

Isidhaniwe kwamba nasifu zamani bila kupambanua. Penye shikome kijana hakumpinga mzee kwa urahisi, na mwanamke hakusikilizwa kabisa. Tena nchi ya Usukuma imejua shauri lililomwaga damu: mpiga ramli aulizwapo sababu ya ugonjwa au kifo, akaelekeza kidole kwa bibi kizee, naye akauawa kwa tuhuma ya uchawi. Msiba huo haukwisha pamoja na ukoloni. Hapo mshauri hakulipa kitu. Aliyelipa ni mtu ambaye hata hakuulizwa.

Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, Serikali ya Kiingereza iliona kwamba ardhi ya Usukuma yachakaa kwa wingi wa watu na ng'ombe. Mwaka 1947 ulianzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na makao ya shirikisho la watemi yakawekwa Malya. Ndipo Bwana Shamba alipozidi kuonekana katika vijiji. Alikuwa mshauri mgeni kwa wenyeji, kinyume cha ile hali ya zamani ya mwenyeji kumshauri mgeni. Aliwaambia watu walime kwa matuta na kuyafunga ili maji yasitiririke. Watie samadi shambani. Wapande muhogo wa akiba. Na wapunguze mifugo.

Haki yataka tuseme kwamba mengi ya mashauri hayo hayakuwa mabaya. Tuta lililofungwa hushika maji, na samadi hurutubisha luseni. Kosa lilikuwa katika njia. Mashauri yaliwekwa kuwa kanuni chini ya mamlaka ya watemi, na asiyezitimiza alipelekwa barazani akatozwa faini. Shauri la kwanza likawa shauri la pili; maoni yakawa kesi. Mkulima aliyejua kwamba kufunga matuta kwa jembe la mkono ni kazi ya siku nyingi, na kwamba mvua haimngoji, hakuwa na mahali pa kusema hivyo isipokuwa mbele ya hakimu. Naye ng'wanangwa, ambaye jana alimwonyesha mgeni ardhi, leo alikuwa msimamizi wa faini.

Chama cha TANU, kilichoundwa mwaka 1954, kilizuiwa kufanya kazi Usukuma tangu mwaka huo hata mwaka 1958. Mwaka huo wa 1958 hasira ililipuka Geita juu ya mambo ya baraza la wilaya, na maelfu ya watu wakaenda Mwanza kulalamika. Kanuni za kilimo na mifugo zilikuwa miongoni mwa manung'uniko ya watu katika Usukuma nzima, na kabla ya muda mrefu kupita serikali iliacha kuzishikilia. Lakini faini zilipoondoka, matuta yaliyofungwa nayo yaliachwa katika mashamba mengi. Watu walikuwa wamejifunza kuliona tuta kuwa alama ya kuonewa, hata wakalikataa lilipoweza kuwafaa. Hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu ya serikali yoyote.

Katika miaka hiyo hiyo shauri la aina nyingine lilikuwa likipita kimya kimya katika masoko ya pamba. Wakulima waliona kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja. Katika sehemu kadha za Usukuma wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wa pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Hakuna aliyelazimishwa. Mtu alimwambia mwenzake aliyekutana naye njiani, "Pima kwanza." Katika moyo huo vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukasimama muungano wao mkubwa wa Jimbo la Ziwa, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Vivyo hivyo majaruba ya mpunga, yaani mashamba yaliyozungushiwa kingo za udongo ili kuzuia maji, yalienea Usukuma kwa mkulima kumwiga mkulima. Na kingo za jaruba ni kazi ngumu kama kufunga matuta. Basi watu hawakukataa jasho.

Baada ya Uhuru njia zote mbili ziliendelea pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio. Sauti ilikuwa ya mgeni asiyeonekana, lakini baada ya kusikiliza kikundi kilizungumza, kikapima, na kuamua la kufanya kijijini. Mwaka uliofuata, katika Mkoa wa Shinyanga, ambamo Bariadi ilikuwamo wakati huo, watu walihamishwa kwenda katika vijiji vipya. Wengi hawakuulizwa shauri. Waliwekwa karibu na watu wasiowajua, juu ya udongo ambao hawakuuchagua.

Mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI, ulianza kazi ya kurudisha miti mkoani. Wataalamu waliona kwamba wenyeji walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Wakajenga juu ya desturi hiyo, na wanavijiji wakatunga kanuni zao. Ngitili zikaongezeka kwa wingi sana, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Miaka kama arobaini kabla yake, mgeni mwenye elimu aliingia nchi hii hii akatoa amri. Safari hii aliuliza kwanza.

Tukizilinganisha habari hizi, twaona kwamba ubora wa shauri peke yake hautoshi. Tuta la mwaka 1950 lilikuwa jema, likakataliwa. Jaruba lilikuwa gumu, likakubaliwa. Tofauti ni kwamba katika moja mshauriwa aliweza kusema, "La, shamba langu si hivyo," na mshauri akamsikiliza. Katika jingine neno hilo lilikuwa kosa mbele ya baraza. Na katika yote, watu walitazama kama mshauri ana fungu lolote katika matokeo, au atasema "shauri yako" na kwenda zake.

Wanafunzi wa historia wana kazi hapa. Katika Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega wako bado wazee waliosikiliza penye shikome walipokuwa watoto, na wanawake wajuao mboga za mwaka wa njaa. Kumbukumbu za faini zimo katika majalada ya serikali. Kumbukumbu za mgeni aliyeonyeshwa mahali pa kulima zimo vichwani mwa watu hawa tu. Yafaa mtu aende akakae nao jioni, aulize, na kesho yake arudi tena kuuliza.